Nani Anamdhamini Nani?

Barua ya kwanza niliiandika kwenye simu, nikiwa nimekalia tairi kuukuu katika gereji ya fundi wetu, Kariobangi. Nilianza na "Kwa heshima na taadhima" kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa shule ya msingi, na nikamaliza na "Wako mtiifu". Fundi alisoma akiwa amesimama nyuma yangu, mikono imejaa grisi, akacheka. "Prof, hii ni barua ya kuomba pesa ama ya kuomba msamaha?"

Wananiita Prof kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili. Ni utani, lakini utani wa mtaani huja na kazi yake: wewe ndiye msomi, basi wewe ndiye utaandika barua. Kufikia sasa nimeandika ishirini na tatu. Kwa kampuni za mafuta, za matairi, za bima, za vinywaji, hata kwa mwenye duka la magodoro ambaye tulisikia anapenda pikipiki. Waliojibu ni wawili. Mmoja alitutakia kila la heri. Wa pili ndiye aliyenifanya niandike haya.

Timu yetu ni watu wanne na nduthi moja. Nduthi ni Suzuki GSX-R ya 600, tuliyoinunua kwa jamaa aliyeanguka nayo akaapa hataipanda tena. Kuna fundi. Kuna mwendeshaji wetu, ambaye siku sita za wiki anabeba abiria Githurai kwa boda. Kuna dadake mkubwa, anayeuza chapati asubuhi na kuweka hesabu zetu jioni kwenye daftari la kurasa 96. Halafu kuna mimi, mwenye maneno.

Kwa asiyeujua mchezo: pikipiki mbili, barabara iliyonyooka, mita 402, yaani robo maili. Hakuna kona. Taa za manjano zinawaka, inakuja ya kijani, unaachia klachi, na baada ya sekunde kumi na kitu mambo yameisha. Watu hudhani ni kuvuta mafuta tu. Kumbe kazi kubwa iko katika mita chache za mwanzo. Ukiachia klachi vibaya gurudumu la mbele linapaa, ukijivuta mwenzako ashaenda. Ndiyo maana watu huirefusha pikipiki kwa nyuma na kuishusha karibu na lami. Na sisi wa nyanda za juu tuna taabu yetu ya ziada: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini inakosa pumzi kama mtu wa Mombasa aliyepelekwa Iten kukimbia.

Dada yetu alipiga hesabu ya msimu mmoja: tairi la nyuma, cheni na sproketi, suti ya ngozi, helmeti ya maana, ada za kushiriki, kukodi pickup ya kubeba nduthi. Ikafika shilingi 286,000. Zaidi ya nusu ya pesa hizo ni vitu vya kumzuia kakake asife.

Na hapa lazima niseme jambo moja, maana bila hilo utafikiri tunalilia anasa. Mbio hizi ziko bure. Usiku wa manane, Thika Road au bypass, hakuna ada, hakuna ukaguzi, hakuna ambulensi. Mwendeshaji wetu alianzia huko. Walikuwa wawili, yeye na rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, na sasa ni mmoja. Kilichomtoa barabarani ni mazishi. Kwa hivyo tunapoomba udhamini, tunachoomba hasa ni nauli ya kuhama kutoka mbio za bure hadi mbio za kulipia, zile zenye uwanja uliofungwa na daktari pembeni. Ukitaka kujua umaskini ni nini, ni pale ambapo njia ya kufa haina kiingilio.

Sasa, nilipokuwa naandika barua hizo nilianza kusumbuliwa na swali ambalo mwanzoni nililiona la kipuzi. Tunafanya nini hasa? Tunaomba? Tunauza? Tunakopa?

Si kuomba, alisema Fundi. Mwombaji hana cha kurudisha, na sisi tuna ubavu mzima wa pikipiki wa kubandika stika. Si harambee pia. Kwenye harambee anayetoa ni jirani, na anatoa akijua kwamba mwakani mtoto wake akienda chuo au mzee wake akilazwa, bakuli litamgeukia. Methali zetu zinalijua hilo vizuri: mla cha mwenzake na chake huliwa. Mwaka wangu wa pili, kabla sijaacha, mhadhiri mmoja alitusomesha insha ya Mfaransa Marcel Mauss ya mwaka 1925 kuhusu zawadi. Hoja yake ukiifupisha ni kwamba zawadi ya bure haipo, kila kinachotolewa kinambeba aliyekitoa na kinadai kurudi. Nilicheka darasani. Nikafikiri, huyu mzungu angekaa na mama yangu dakika tano angepata yote bila kuandika kitabu.

Lakini aliyenionyesha shida yenyewe si Mauss. Ni dada yetu, na alifanya hivyo bila kukusudia.

Siku moja nilimwambia nimepata mdhamini. Akashtuka. Akaweka chini mwiko wa chapati. "Nani ameshikwa?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kwake yeye, na kwa watu wengi ninaowajua, mdhamini si mtu wa kubandika jina kwenye jezi. Mdhamini ni yule anayesimama mahakamani na kusema, mwachilieni, akitoroka nichukueni mimi na shamba langu. Mdhamini ni anayetia sahihi kwenye fomu ya mkopo wa mwenzake katika chama au sacco. Neno lenyewe ni dhamana. Ni mtu anayeweka kitu chake rehani kwa ajili ya neno la mtu mwingine.

Na yeye amewahi kuwa mdhamini. Miaka mitatu iliyopita kakake alichukua boda kwa mkopo kutoka kampuni fulani. Malipo yalikuwa ya kila siku. Alipougua majuma mawili, deni halikuugua. Pikipiki ilizimwa kwa mbali akiwa na abiria, jamaa wakaja wakaichukua, na ilipouzwa ikasemekana bei haikutosha kufuta kilichobaki. Sahihi ya pili kwenye fomu ilikuwa ya dada. Aliuza cherehani yake. Ndiyo maana leo anauza chapati, si nguo.

Ukilishika neno hilo kwa uzito wake, utaona kwamba matumizi yetu ya siku hizi yamelipindua. Kampuni inayotupa pesa haiweki chochote rehani kwa ajili yetu. Tukianguka, inabandua stika. Wapenzi wa kandanda wanakumbuka Januari 2018. Ushuru wa kamari ulipandishwa hadi asilimia 35, na SportPesa ikafuta udhamini wake wa michezo nchini. Gor Mahia na AFC Leopards wakaamka hawana mfadhili. Sisemi kampuni ilifanya kosa au haikufanya, biashara ni biashara. Ninachosema ni kwamba mdhamini wa mahakamani hawezi kuamka asubuhi akajitoa kirahisi hivyo, kwa sababu kuna kitu chake kiko pale.

Nani basi ameweka kitu chake pale? Sisi. Mtu aliyekuja uwanjani kumwona kijana wa Githurai anayemjua, anayempenda, akaona kifuani mwake jina la kampuni, haambiwi kwamba kampuni inamwamini kijana. Anaambiwa kwamba kijana anaiamini kampuni. Sahihi ya pili kwenye fomu ni yetu. Pesa zinatoka kwao kuja kwetu, lakini dhamana inatoka kwetu kwenda kwao.

Nilikuwa na wazo hilo kichwani, bado bichi, wakati jibu la pili lilipokuja.

Ilikuwa kampuni ya kukopesha pikipiki. Si ile iliyomchukulia mwendeshaji wetu ile yake, ni nyingine, ila mtindo ni ule ule: lipa kila siku, ukikosa inazimwa. Tulienda mimi na mwendeshaji, tumevaa mashati ya kuazima. Ofisi ilikuwa na viyoyozi na maji ya chupa. Dada wa masoko alikuwa mkarimu kweli, alituita "mabingwa", na alikuwa amesoma barua yangu yote, jambo ambalo hata mama yangu hajafanya. Wangetupa shilingi 300,000. Yaani zaidi ya tulichoomba. Walitaka stika kwenye tangi na suti, sawa. Na walitaka video fupi: mwendeshaji wetu akiwa na koti la reflekta la boda, halafu akiwa uwanjani kwenye Suzuki, akisema alianza na pikipiki ya mkopo wao na sasa yuko hapa.

"Lakini mimi sikuanza na yenu," alisema.

"Ni hadithi tu," alisema yule dada. "Watu wanapenda hadithi."

Kwenye matatu hatukuongea hadi Roysambu. Kisha akasema, "Prof, hiyo ni helmeti, suti na tairi mbili. Wewe ukiandika uongo kwenye barua haukuniuliza."

Alikuwa na haki kabisa. Kwenye barua yangu niliandika kwamba mashindano tunayoshiriki huvutia "maelfu ya mashabiki". Siku ya mwisho tuliyoshiriki dada alihesabu watu kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akapata 340, tukiwemo sisi na mwenye kuuza smoki. Niliandika pia kwamba "tunalenga ubingwa wa bara". Hatujawahi kuvuka Namanga. Nilijitetea moyoni kwamba kila mtu anayeomba udhamini huongeza chumvi, na anayesoma anajua imeongezwa, kwa hivyo anaipunguza mwenyewe, mambo yanakuwa sawa. Ndivyo tunavyobei sokoni. Lakini sokoni wote wawili tunaiona nyanya. Yule dada wa masoko hakuwahi kuona uwanja wetu.

Kuna aina ya mbio hizi, inayopendwa sana Marekani, ambayo Fundi alinieleza na nikaona kama ni somo la maadili lililovaa helmeti. Kabla ya kukimbia, unatangaza mwenyewe muda utakaotumia. Mwenye pikipiki ya polepole anaachiliwa kwanza, tofauti ya muda wenu ndiyo nafuu yake. Kwa hivyo hata nduthi hafifu inaweza kuishinda kubwa. Mtego uko hapa: ukienda kwa kasi kuliko ulivyotangaza, unapoteza. Umesema sekunde 12, ukakimbia 11.8, umejidanganya chini ili upendelewe, nenda nyumbani. Na ukitangaza kasi usiyo nayo, mwenzako anakuacha kwa haki. Anayeshinda kwa kawaida ni anayejijua na kujisema alivyo, halafu akaamka vizuri taa ilipowaka.

Barua zangu zote ishirini na tatu zingeshindwa katika mbio hizo.

Jioni ile tulikaa gerejini wote wanne. Nitaeleza hoja za kila mtu kwa haki, maana katika insha kama hizi mwandishi huwapa wapinzani wake maneno dhaifu ili yeye aonekane na busara.

Fundi alisema sisi si mahakama. Mchezo wa magari umelelewa na pesa za aina zote. Safari Rally, ile ambayo ilianza 1953 na ambayo kila mzee wa Kenya ana hadithi yake ya kusimama kando ya barabara na matope, katika miaka ya 1980 ilibeba jina la Marlboro. Sigara! Bunge lilikuja kupitisha sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2007, lakini je, tuwarudie madereva wa zamani tuwaambie vikombe vyao vina moshi? Katika Formula 1 mwaka 2019 timu nzima ya Racing Point ilibeba jina la kampuni ya kamari inayojulikana hapa kwetu. Kama wakubwa wanakula, mbona sisi wa Kariobangi ndio tufunge?

Mwendeshaji alisema kitu kigumu zaidi. Alisema mkopo wa pikipiki si sigara. Vijana wengi anaowajua wanamiliki boda leo kwa sababu ya mikopo kama hiyo, benki zisingewaangalia hata usoni. Yeye alishindwa, wengine wamefaulu. Na akasema, "Mnajadili roho yangu safi, lakini kichwa changu ndicho kiko ndani ya helmeti ya kuazima."

Mimi nilipiga kura tukubali. Nalisema wazi kwa sababu ni rahisi kujificha nyuma ya wingi. Nilisema video ni tangazo, na kila mtu anajua tangazo ni tangazo.

Dada alikuwa wa mwisho. Hakutoa hotuba. Aliuliza tu, "Kijana akienda kuchukua nduthi kwao kwa sababu amemwona huyu kwenye simu, halafu augue wiki mbili, nani ametia sahihi?"

Hakuna aliyejibu. Kule nje mtu alikuwa anapiga nyundo bati.

Nimelifikiria swali hilo kuliko chochote nilichosoma chuoni. Kuna tofauti kati ya kubeba jina la mtu na kutoa ushahidi kwa niaba yake. Stika inasema: hawa wametulipa. Mtazamaji si mtoto, anaielewa. Lakini mtu anaposimama na uso wake na kusema hiki kilinitokea, anatumia kitu ambacho hakukitengeneza peke yake. Githurai wanamwamini kwa sababu ya miaka ya kurudisha simu zilizosahaulika, ya kumpeleka mama wa watu hospitali saa nane usiku na kusema atalipwa kesho. Imani hiyo ni akiba ya watu wengi iliyowekwa kwake. Kuiuza ni kama mweka hazina wa chama kuuza kilichomo sandukuni kwa hoja kwamba funguo ni zake.

Lakini hoja ya helmeti haijafa kwa sababu hiyo. Nimejaribu kuiua na imekataa. Mtu mwenye pesa anapokataa pesa chafu hapotezi kitu, anapata sifa. Sisi tunapokataa, kuna kichwa cha mtu maalum kitakachokuwa ndani ya kitu hafifu, kwa kasi ya zaidi ya kilomita 180 kwa saa. Uadilifu wangu analipia mwingine. Nadhani mtu yeyote anayewafundisha maskini kusema hapana angepaswa kwanza kuulizwa, bili inaenda kwa nani?

Tulichofanya ni hiki. Tulimpigia dada wa masoko tukamwambia stika tutabandika, kubwa anavyotaka, lakini maneno ya video yawe ya kweli: kwamba mwendeshaji aliwahi kuchukua boda kwa mkopo mahali pengine, ikachukuliwa, na kwamba anayekopa asome fomu yote na asitie mtu wake sahihi bila kumweleza. Alinyamaza kidogo. Akasema atazungumza na wakubwa. Simu zilizofuata hazikupokelewa. Sikumlaumu, hakuna kampuni ingekubali tangazo kama lile. Labda tulijua hivyo tulipopiga, na tulitaka tu wao ndio waseme hapana badala yetu. Hilo nalo ni aina ya woga.

Tangu hapo tumepata muuza vipuri mmoja wa Kirinyaga Road aliyetupa cheni na sproketi, akasema tukiulizwa tuseme tulikozitoa. Tunasema. Ni kweli tulizitoa kwake na ni kweli ni nzuri. Abiria wa boda wa kudumu wamechanga M-Pesa ikafika 41,500, na dada ameandika kila jina kwenye daftari, hata wa shilingi hamsini. Helmeti tumenunua. Suti bado ni ya kuazima na inambana mabegani. Tairi la nyuma ni lile lile, na Fundi analikagua kila Jumamosi kwa kidole gumba kama daktari wa ng'ombe.

Mwendeshaji hajaridhika. Hajanung'unika pia, ila siku hizi ananiita Prof kwa sauti nyingine. Tunashiriki tena mwezi ujao, na najua kwamba akiteleza sitaweza kumwangalia dadake na kusema tulifanya lililo sawa, ingawa ni yeye aliyeuliza lile swali. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema. Hawakusema nani abebe majeruhi.

Jana usiku nimeanza barua ya ishirini na nne, kwa kampuni ya matairi. Nimeandika: sisi ni watu wanne na pikipiki moja. Muda wetu bora ni sekunde 11.9. Watazamaji siku ya mwisho walikuwa 340. Tunahitaji tairi moja la nyuma. Tukipewa, tutawaambia watu jinsi lilivyoshika lami, na kama halikushika tutawaambia pia.

Dada ameisoma. Amesema "Wako mtiifu" niitoe.